Ufunguo wa Bariere Unalala kwa Nani?

Mchana, bariere ya mtaani Lubumbashi haimtishi mtu. Ni gogo la mkaratusi, au bomba la chuma lililochakaa, limelazwa juu ya nguzo mbili. Upande mmoja limefungiwa jiwe au ringi ya gari ili linyanyuke kirahisi, upande wa pili lina mnyororo na kufuli. Jua likiwaka gogo limeelekea juu, kuku wanapita chini yake, watoto wanaligeuza bembea. Usiku ukikomaa linashuka. Kuanzia saa hiyo, avenyu iliyokuwa njia ya kila mtu inageuka ua wa watu fulani.

Lubumbashi ina komini saba. Sita kati yake, yaani Lubumbashi yenyewe, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba na Ruashi, zimebanana katikati. Ya saba, Annexe, inazizunguka kama mshipi. Humo ndimo zilimo kartie za Kasapa, Kimbembe, Luwowoshi, Kalebuka, Kisanga, Kasungami na Munua. Ndiyo komini kubwa kuliko zote kwa eneo, na ndiko mji unakotanukia: anayekosa chumba Kenya au Katuba anatafuta parseli Annexe, na karibu kila barabara inayotoka mjini inaipasua kabla ya kufika porini. Kwa hiyo ukifunga njia hapa, hujafunga kichochoro cha majirani wawili. Nyuma yako kuna wanaoishi mbali kuliko wewe, na nyuma yao wengine tena.

Makala hii inawakalisha pamoja watu sita ambao mtaani si rahisi kuwakuta kwenye benchi moja: mwenye nyumba, mustaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, mwanafunzi wa sheria, mama anayeuza makala, yaani makaa, kijana wa taksi-moto na sentineli, mlinzi wa bariere. Hawajapewa majina kwa sababu hawamo katika daftari la komini. Ni hoja za mtaani zilizovalishwa koti na kitenge, zikapewa viti vya plastiki chini ya mwembe.

Mwenye nyumba ndiye aliyenunua kufuli, kwa hiyo ndiye anayeanza.

"Mnaniuliza kwa nini tumefunga njia. Niulizeni kwanza ni nani aliyeileta. Nilipofika hapa palikuwa majani na vichuguu. Parseli niliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa chifu. Sikuona greda, sikuona injinia. Vichuguu tulivibomoa wenyewe, udongo wake tukafyatulia matofali, mashimo tukayajaza kokoto kwa michango yetu. Nguzo za umeme tulizinunua sisi, shirika la umeme, SNEL, wakaja kuvuta waya tu. Leo naambiwa njia ni ya serikali. Ya serikali tangu lini?"

"Tangu mwaka 1973, papa," anasema mwanafunzi.

Ametoka kampasi ya Kasapa, ng'ambo tu ya hapo, na ana ule ugonjwa wa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa kutembea na vifungu vya sheria mfukoni. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, anaeleza, inasema katika ibara ya 53 kwamba ardhi ya Kongo ni mali ya Dola peke yake, haihamishiki wala haipotei kwa kupitwa na muda. Alichonacho papa ni haki ya kutumia parseli yake. Ibara ya 55 inaongeza kuwa ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya watu wote imo katika mali ya umma. Na Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 30, inampa kila aliye ndani ya nchi haki ya kwenda na kurudi kwa uhuru.

"Hiyo Katiba ililala wapi usiku walipovunja mlango wangu?"

Mwanafunzi ananyamaza, na afadhali anyamaze. Kuna maswali ambayo kuyajibu kwa namba ya ibara ni kukosa adabu.

Woga wa Annexe una tarehe zake. Gereza kuu la mji, Kasapa, limo ndani ya komini hii. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walilivamia mchana, wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka, akiwamo Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wanamgambo aliyekuwa amehukumiwa kifo. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa kundi la wanamgambo la Bakata Katanga waliingia mjini kwa miguu, wakapita barabarani mchana hadi kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa, na damu ikamwagika. Tarehe 14 Februari 2021 kambi mbili za jeshi zilishambuliwa alfajiri, mojawapo ikiwa ile ya Kimbembe. Anayelala Kimbembe alizisikia risasi akiwa kitandani, hakungoja redio.

Hata hivyo, ni lazima kusema wazi kwamba gogo la mkaratusi halikuwahi kuzuia kundi lenye bunduki, na mwenye nyumba anakubali. Bariere yake haikuwekwa kwa ajili ya Bakata Katanga. Imewekwa kwa ajili ya watu watano wenye panga na gari lisilo na namba.

"Mwizi wa gari anaondoka na friji, na godoro, na jenereta," anasema. "Mwizi wa miguu anaondoka na sufuria. Bariere inamshusha mwizi daraja. Sisemi inamaliza wizi, nasema mimi kupoteza sufuria naweza."

Kwa upande wa walalao ndani, hoja yenye nguvu kuliko hiyo haitasikika tena jioni nzima. Haidai mengi, na ndiyo maana ni vigumu kuiangusha.

Mustaafu anakohoa. Alikuwa Gécamines hadi ile operesheni ya kuondoka kwa hiari ya mwaka 2003, iliyowatoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa fedha za Benki ya Dunia. Kwa bahasha yake alinunua parseli Annexe kama wenzake wengi. Yeye habishani na sheria wala na friji. Anaanza mbali.

"Mwanangu, mji huu umezaliwa na bariere."

Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Mtawala wa Kibelgiji, Emile Wangermée, alichora avenyu zilizonyooka, zinazokatana kama daftari la hesabu, na ndizo zinazotumika katikati ya mji mpaka leo. Mwaka 1921 wakubwa wa Kibelgiji waliamua Mwafrika asilale karibu na Mzungu. Wakajenga mtaa wa Waafrika uliopewa jina la Mfalme Albert, ndio Kamalondo ya leo, na kati yake na mji wa Wazungu wakaacha ukanda mtupu wa mita mia kadhaa, wakauita eneo lisilo na upande. Madaktari wa wakati huo walikuwa na maelezo yao: mbu wa malaria hawezi kuruka upana ule. Mbu, bila shaka, hakusomewa amri hiyo. Mtumishi pia alivuka asubuhi na mapema kwenda kupika uji wa bwana, akarudi jioni, kwani ukanda ulikuwa na macho usiku tu. Mwafrika aliyekutwa mjini giza limeingia alipaswa kuonyesha karatasi.

"Baba yangu alikuwa na karatasi," mustaafu anasema. "Aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia. Mvua ikinyesha anavua kofia anaikumbatia, kichwa kinalowa. Sasa nikitoka kwa rafiki yangu saa tano za usiku, kijana ananimulika tochi usoni, ananiuliza natoka wapi, nakwenda wapi. Nimekaa hapa miaka ishirini. Natafuta kofia yangu, nakumbuka sina karatasi."

Mwenye nyumba anatikisa kichwa. "Muzee, hapo unanionea. Ile waliiweka Wazungu kutuzuia sisi. Hii tumeiweka sisi kujilinda."

"Kujilinda na nani?"

"Na wezi."

"Na mwizi anafananaje usiku?"

Hapo mazungumzo yanasimama kidogo, kwa sababu kila mtu anajua jibu. Mwizi wa usiku anafanana na mtu aliyechoka anayerudi nyumbani kwa miguu.

Mustaafu hajamaliza. Anakumbusha kuwa kambi za Union Minière, baadaye Gécamines, nazo zilikuwa na geti na mlinzi. Lakini nyuma ya geti kulikuwa na hospitali, shule, duka la posho na maji ya bomba. Geti lilikuwa kifuniko cha sufuria yenye kitu ndani. "Ninyi mmenakili geti," anasema, "hospitali mkaiacha."

Tofauti kati ya bariere ya 1921 na ya leo inastahili kupimwa kwa haki. Ile ya kwanza iliandikwa na serikali yenye nguvu, ikalindwa na polisi wake, ikachorwa kwenye ramani. Ya leo imewekwa na raia kwa sababu serikali haionekani. Nani amezuiwa, hilo limebadilika sana. Namna ya kumhoji mtu gizani haijabadilika kiasi hicho.

Mama wa makala alikuwa amekaa kimya, mikono mapajani. Nyumba yake iko avenyu ya pili, ile isiyo na bariere.

"Batu ba kinga banafikaka hapa saa kumi ya usiku," anasema.

Msomaji wa Mombasa au Dodoma asimame hapa. Kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kinga ni baiskeli. Watu wa kinga ni wale wanaume wanaosukuma makala kutoka msituni, magunia matatu au manne yamefungwa kwa kamba za mpira hadi baiskeli haionekani, inaonekana milima ya magunia inayotembea. Wanatembea usiku kwa sababu jua linaua na kwa sababu mteja wa jumla ananunua alfajiri. Makala wanayoleta ndiyo yanayopika bukari, yaani ugali, katika nyumba nyingi za mji huu, zikiwamo zilizo ndani ya bariere, maana umeme wa SNEL ukikatika jiko la umeme linabaki pambo.

"Zamani walipita hapa moja kwa moja. Sasa wanakuta gogo limelala. Wanangoja. Baiskeli yenye mzigo ule huwezi kuilaza ukainua tena, inabidi uishikilie umesimama. Mtu anasimama saa nzima anashikilia magunia yake gizani, nje ya kufuli lenu. Sasa niambie, papa, mwizi akija, atakwenda wapi? Atarukia bariere? Atamfuata yule asiyeweza hata kuachia mikono."

"Mama, wapite avenyu ya pili."

"Avenyu ya pili ni kwangu! Na wezi nao wamesikia ushauri wako, wanapita kwangu pia."

Watu wanacheka, mwenye nyumba akiwa mmoja wao. Lakini mama hakusema mzaha. Bariere ikisimama avenyu moja, wizi hautoweki, unahama mlango. Avenyu ya pili inachanga pesa, inanunua gogo. Halafu ya tatu. Mwishowe kartie nzima ina magogo, na aliyebaki bila gogo ni yule asiyeweza kuchanga, aliye ndani kabisa ambako njia ni finyu na mvua ya Januari inachimba korongo. Hapo kinga ya mmoja imemnyang'anya kinga mwenzake, kwa maana zote mbili za neno.

Kijana wa taksi-moto anaingilia kati akiwa bado amekaa juu ya pikipiki. Abiria wake wa usiku, anasema, humlaumu kwa bei. Hawaoni kwamba njia ya dakika tano imekuwa ya dakika ishirini. Halafu kuna bariere za bure na bariere za kulipa.

"Mwezi wa kwanza sentineli anakuomba salamu. Mwezi wa pili anakuomba sigara. Mwezi wa tatu anakuomba mia tano. Ukikataa, ufunguo umepotea."

"Kwetu hapa hakuna kulipa," anasema mwenye nyumba.

"Kwenu bado ni mwezi wa kwanza, papa."

Neno bariere lina jina baya katika nchi hii, na si kwa bahati mbaya. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini peke yake wakapata 798, vya wanajeshi, vya waasi, vya watumishi wa serikali, kila kimoja na sahani yake ya ushuru. Huku Katanga hakuna vita kama Kivu, lakini dereva anayekwenda Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, anajua idadi ya mara atakazosimama kabla ya kuona forodha. Kwa hiyo jirani anaposema "tunaweka bariere", sikio la Mkongo linasikia kitu zaidi ya gogo. Linasikia mkono ulionyooshwa.

Mwanafunzi amepata nafasi ya kurudi, safari hii bila ibara za Kongo. Anataja Johannesburg. Huko wakazi walianza kufunga mitaa yao katika miaka ya 1990, wizi wa magari na mauaji ulipowazidi, na ikafika mahali jimbo la Gauteng likaona afadhali kuweka taratibu kuliko kufumba macho. Sheria ya mwaka 1998 inawaruhusu wakazi kuomba kuzuia njia kwa sababu za usalama. Lakini lazima waombe, na kibali kina mwisho, kinaombwa upya. Mlinzi haruhusiwi kumnyima mtu njia, wala kumpekua, wala kumwandikisha jina kwenye daftari. Tume ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo ilisikiliza pande zote mwaka 2004, na katika ripoti ya mwaka uliofuata ikasema haiungi mkono mageti hayo, kwa sababu yanaigawa jamii na kuuvuruga mji. Nchi iliyotoka kwenye pasi za ubaguzi juzi tu ilikuwa na sababu ya kuogopa mlinzi anayeuliza vitambulisho.

"Hapa si Johannesburg," anasema mwenye nyumba.

"Ndiyo shida yenyewe, papa. Kule mtu akizuiwa ana ofisi ya kulalamikia."

"Na hapa chifu wa kartie alikuja siku tunasimika nguzo. Alikunywa bia mbili za Simba, akatupongeza."

Mwanafunzi anashinda kwa sheria na kushindwa kwa jiografia. Amri isiyo na mtu wa kuisimamia inabaki karatasi, na burgumestre wa Annexe ana komini pana mno kuweza kuzunguka na msumeno kila usiku. Mamlaka iliyo karibu na gogo ni jirani mwenyewe. Kwa hiyo anayetaka haki ya mpita njia ilindwe Annexe ni lazima aipeleke kwenye mkutano wa avenyu. Tatizo la mkutano huo liko wazi: wanaoitwa ni wenye parseli za hapo, na mtu wa kinga, mwenye taksi-moto na mama wa avenyu ya pili hawamo. Walioathirika zaidi na kufuli ndio ambao hawakuulizwa ukubwa wake.

Annexe haiko peke yake. Nairobi, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, serikali yenyewe ilihimiza mpango wa ulinzi wa majirani wa Nyumba Kumi, na mageti yaliyokwisha kuota kwenye mitaa ya Buruburu na South C yakapata heshima mpya. Tanzania ilikuwa na sungusungu, waliochipuka usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutambuliwa kisheria mwaka 1989, wakalinda bila kufunga barabara, ingawa walikuwa na ukali wao. London ya karne ya 19 ilikuwa na mageti katikati ya mitaa, hasa kwenye mali za makabaila kama Duke wa Bedford, wapita njia wa kawaida wakizungushwa ili wenye nyumba wasikie ndege wakiimba. Ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka 1890, na nyingine mwaka 1893, ndipo mageti yakang'olewa.

Na wenye fedha nyingi hawahitaji gogo. Nje kidogo ya Lubumbashi kampuni ya Rendeavour, ileile ya Tatu City karibu na Nairobi, inaendeleza Kiswishi, mji mpya uliopangiwa hekta kama 4,000, wenye barabara zake na ulinzi wake tangu kwenye ramani. Mwenye nyumba wa Annexe akiutazama anajiuliza kwa nini uzio wa tajiri unaitwa mradi na wa kwake unaitwa uvunjaji wa sheria. Ni swali la haki kabisa. Jibu fupi ni kwamba kule njia ilijengwa na mwenyewe pale ambapo haikuwapo, na hapa njia tayari ilikuwa na watu juu yake. Lakini yeye naye alijenga njia. Hapo ndipo jibu fupi linapokatika.

Mama wa makala ndiye aliyeuvuta mjadala kwenye kitu ambacho hakuna aliyekitegemea.

"Mbona kilio hatukigombanii?"

Msiba ukitokea Lubumbashi, avenyu inafungwa. Turubai linanyooshwa kutoka ukuta hadi ukuta, viti vya plastiki vinajaa njia, moto unawashwa, na kwa siku kadhaa hakuna gari linalopita. Harusi nayo hivyohivyo. Dereva anaona turubai, anazima redio, anarudi nyuma bila neno. Hakuna aliyewahi kumsikia akitaja Katiba.

"Kilio kina mwisho," anasema mustaafu.

"Kina mwisho," mwanafunzi anaunga mkono, halafu anasita. Kwa mara ya kwanza jioni hiyo anazungumza bila kitabu. "Tena kilio kinazuia gari, hakimzuii mtu. Ukija kwa miguu unapita katikati ya viti. Ukitaka unakaa. Hakuna anayekuuliza marehemu alikuwa nani wako."

Mwenye nyumba hajibu. Anatazama gogo lake.

Yuko mtu mmoja ambaye hajaulizwa kitu, na yuko pale tangu mwanzo, amesimama karibu na nguzo na tochi mkononi. Sentineli. Kila upande umemtaja: kwa mmoja ni mlinzi, kwa mwingine ni mla rushwa, kwa mustaafu ni tochi usoni. Mama ndiye anayemgeukia. "Na wewe, kaka, unasemaje?"

"Miye nalalaka mbali, mama. Kule ndani, avenyu bado hazina majina."

Anatoka kwake saa kumi na moja za jioni, bariere zote zikiwa bado juu. Asubuhi anarudi kumeshapambazuka. Taabu ni siku akiitwa katikati ya usiku, mtoto akiwa na homa. Anavuka bariere tatu kufika kwake. "Hapa nauliza batu banaendaka wapi. Kule naulizwa miye. Nawaambia mimi pia ni sentineli. Wananiambia kila mwizi anasema hivyo."

Na ufunguo?

Anautoa mfukoni, umefungwa kwenye kitambaa. Ufunguo analala nao yeye, lakini amri ya kufungua iko kwenye simu ya rais wa avenyu. Mtu akija asiyemfahamu, anapiga. Umeme ukikatika siku mbili, simu ya rais inazimika. Hapo yeye anaachwa na mambo mawili: kumfungulia asiyemjua, kukitokea wizi alfajiri ang'olewe kazini au awe wa kwanza kupelekwa polisi, au kumkatalia mgonjwa. "Mara nyingi nakatalia," anasema, bila kujitetea. Mshahara wake unatoka kwenye michango ya walio ndani. Hakuna mpita njia aliyewahi kumlipa kwa kumfungulia, ukiondoa zile mia tano, na zile, anasema akimtazama kijana wa pikipiki, ni kwa sababu si kila mwezi michango inatimia.

Kijana anatazama chini. Mia tano zimepata mwenyewe, na mwenyewe ana mtoto mwenye homa.

Mahali hapo ndipo mjadala wa sheria na usalama unapokosea njia. Watu wanabishana kama bariere iwepo au isiwepo, ilhali gogo lenyewe halina uamuzi. Linaloamua ni saa linapoteremka, upana wa nafasi inayobaki pembeni, na mtu wa mwisho mwenye neno usiku wa manane. Annexe imemkabidhi neno hilo mtu anayelipwa kidogo kuliko wote, kisha ikamwekea bosi mwenye simu iliyozimika.

Mwenye nyumba anainuka, anakwenda kwenye gogo, anashika ncha yake yenye kufuli. "Tuseme tukilikata hapa," anasema. "Gari haipiti. Mtu anapita, pikipiki inapita."

"Pikipiki ikipita, mwizi wa pikipiki anapita," anasema mustaafu, ambaye ghafla amehamia upande wa pili.

"Muzee, friji haipandi pikipiki."

"Hujaona vijana wa siku hizi."

Mama wa makala hawangoji. Anaokota fito, anaipima kwa baiskeli aliyonayo akilini: gunia kushoto, gunia kulia, moja juu, na mkono wa msukumaji unaotoka nje ya mzigo. Anaweka fito chini kwenye nafasi aliyoonyesha mwenye nyumba. Fito inazidi kwa shibiri mbili.

"Hapo magunia yatakwama," anasema. "Sogeza."

Mwenye nyumba anasogeza kidole kwenye gogo. Mama anatikisa kichwa. Anasogeza tena. Sentineli amewasha tochi kuwamulikia, mwanafunzi ameshika ncha ya pili ya fito, na kijana wa taksi-moto anauliza nani mwenye msumeno. Inaonekana hakuna mwenye msumeno. Wa karibu uko kwa fundi seremala wa avenyu ya nne, na avenyu ya nne bariere imeshateremshwa.